Mgeni wa Ghorofa ya Chini

Mwalimu alikuwa na hanchifu ambayo akiitemea makohozi, akiikunja, akiirudisha kwenye mfuko wa kanzu, na baada ya muda akiitoa tena kupangusia miwani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonijia kwanza kila nikimkumbuka, na kwa sababu watu wengine wa Darsait, mtaa wetu wa Maskati, waliomjua hupenda kuanza na elimu yake. Elimu alikuwa nayo, sikatai. Lakini na ile hanchifu alikuwa nayo pia, na mimi nilikaa naye sebule moja karibu kila jioni kwa miaka zaidi ya kumi, nikikipokea kikombe chake cha kahawa kwa ncha za vidole.

Habari za alikozaliwa na ukoo wake waulizwe wengine. Mimi nilimkuta keshakuwa mzee, keshakuwa Mwalimu kwa kila mtu, na keshakuwa mpangaji wa ghorofa ya chini katika jengo letu, upande wa nyuma ambako lori za maji husimama kujaza matangi. Sisi tulikaa juu yake: Baba, Mama, mimi binti mkubwa, na mdogo wangu Raya. Mke hakuwa naye. Alisema aliwahi kuwa na mke na kwamba hilo si jambo la kuzungumzwa mbele ya watoto, na sisi tulipokuwa watu wazima akaendelea kulisema vilevile.

Jambo tulilolijua sote ni kwamba aliishi Uchina. Alichukuliwa bado kijana kwenda kufasiri maandishi kwa Kiswahili, zama zile ambapo Wachina walitaka dunia nzima iwasome, na akakaa huko miaka mingi. Alipotoka, Zanzibar haikuwa na pahala pake tena, akaja Maskati kama tulivyokuja wengi, akasomesha Kiingereza skuli mpaka alipostaafu. Kazi yake ya kweli lakini, ile aliyoamka nayo na kulala nayo, ilikuwa kuwa mtu aliyewahi kuishi Uchina.

Alikula kwa vijiti. Simaanishi tambi, simaanishi nyumbani kwake peke yake. Namaanisha siku ya Idi, sinia imewekwa, shuwa, ile nyama ya kuokwa shimoni, imefunuliwa mvuke unapanda, watu wamekunja mikono ya kanzu, na Mwalimu anatia mkono kifuani anatoa vijiti viwili vyeusi vilivyolika ncha. Baba akifurahi kuliko kitu. Mama hakufurahi.

"Mwalimu, mkono umekukosea nini?"

"Bi mkubwa, mkono huu n'shaushikia mengi," akijibu, huku anachomoa kipande cha nyama upande wa mwenzake.

Akishiba alikoroga kahawa kwa vijiti vilevile, akavifyonza kimoja kimoja mpaka vikalia, akavirudisha kifuani bila ya kuviosha. Mara moja nilimuona anajikunia mgongo. Nilikwenda jikoni nikamwambia Mama kwamba sitokula tena sinia moja naye, na Mama akanambia nipunguze sauti, mtu ni mgeni. Tulikuwa tukimwita mgeni hivyo hivyo, mtu tuliyegawana naye bomba la maji.

Sasa niseme mema yake, maana bila ya hayo hutofahamu kwa nini nilikuja kumchukia kiasi kile. Mwalimu alisomesha vizuri. Alijaribu kuwasomesha Kichina watoto wote wa jengo, wakakimbia mmoja mmoja, akabaki Raya. Alimpandisha darini jua kali, akampa brashi nene na ndoo ya maji, akamwamrisha aandike herufi za Kichina juu ya saruji. Maji hukauka. Kwa jua la Maskati hukauka hata kabla hujainua kichwa. Sharti lake lilikuwa kwamba Raya aimalize sentensi nzima kabla herufi ya mwanzo haijapotea, na ikipotea aanze tena. Nilimuona mdogo wangu, msichana mdogo wa skuli, amechutama na mtandio ameufunga kiunoni, jasho linamdondoka juu ya maneno yake mwenyewe, na Mwalimu amekaa kivulini kwenye tangi anasema, "Mara nyengine. Usifikiri. Mkono ushajua." Hakutaka malipo. Baba alipotaka kumpa kitu alikasirika siku tatu asije.

Na wakati huo, miaka ya tisini, alikuwa wakili wa Uchina katika sebule yetu. Maduka ya Ruwi, mtaa wa biashara, yalikuwa yameanza kujaa vitu vya huko, na Baba alikuwa na neno moja tu kwa chochote kilichovunjika. Kiatu kikibanduka soli: "Cha Kichina!" Taa ikizima: "Ya Kichina!" Hata mfanyakazi wa ofisini kwake akichelewa alikuwa wa Kichina. Mwalimu akiwaka.

"Wewe ulitaka cha rahisi, ukapewa cha rahisi. Ungetaka kizuri wangekupa kizuri. Watu wale wakinijia n'na homa kunipikia uji, mabibi wa jengo zima, hata jina langu hawalijui kulitamka. Nani alokupikia uji wewe hapa?"

"Mke wangu," akisema Baba, na wote wakicheka.

Kulikuwa na duka moja Ruwi la mabegi na maua ya plastiki, mwenyewe ni msichana wa Kichina. Mwalimu alikuwa akenda pale kila wiki, asinunue kitu, anasimama mbele ya kaunta anatoa hotuba. Yule msichana alimsikiliza huku ameuma mdomo. Baadaye Raya alipoweza kuzungumza naye, alimuuliza mzee anasema nini. Akajibiwa kwamba anasema vizuri sana, ila anasema kama taarifa ya habari ya wakati wa bibi yake. Raya hakumwambia Mwalimu. Raya alikuwa hivyo tangu mdogo, akimhurumia mtu kabla mtu mwenyewe hajajijua kuwa ni wa kuhurumiwa.

Raya alipopata nafasi ya kusomea udaktari huko huko Uchina, Baba alisita. Msichana, peke yake, kote huko. Mwalimu alipanda ngazi zetu usiku baada ya usiku kumshawishi.

"Mpeleke. Mie ntasimama dhamana."

"Dhamana ya nini, Mwalimu?" Mama akamuuliza. "Huna hata paka."

Lakini Baba alimsikiliza, kwa kuwa alimsikiliza kwa kila jambo, na Raya akenda. Alituandikia kwamba mwaka wa mwanzo wenzake walilia kwa ugumu wa Kichina na yeye hakulia. Mwalimu aliposomewa hayo aligeuka upande wa dirishani, akatoa hanchifu. Siku ile sikuichukia.

Kisha ikaja kompyuta. Kwanza alikuwa akenda mkahawa wa intaneti Ruwi, karibu na kituo cha mabasi, akibanana na vijana wa Kibangali waliokuwa wakiandikia kwao. Halafu akanunua yake, akaiunga na laini ya simu, na ikawa ukimpigia Mwalimu humpati. Huko ndani aligundua jukwaa la wageni wanaokaa Uchina: waalimu wa Kiingereza, wafanyabiashara, wanaume waliooa huko, wanafunzi. Wakiandikiana kwa Kiingereza mambo ya kila siku. Wapi utapata jibini. Habari gani imetoka na habari gani imefichwa. Vipi kumshika mwenye nyumba akurekebishie bomba. Na zaidi ya yote walilalamika. Wachina wanatema mate, wanasukumana foleni, wanampakata mtoto anajisaidia juu ya pipa la taka, vyoo vyao hivi, pumzi zao hivi, wanakula kile na kile. Mmoja akianza, wengine walimwandama, kila mmoja na kioja chake kinachozidi cha mwenzake.

Mwalimu alizichapisha kurasa hizo na kutujia nazo jioni. Alikaa, akapangusa miwani kwa ile hanchifu, na akaanza, "Wageni wanaokaa kule wanasema." Likawa ndilo neno lake. Watu wengine husema bismillahi. Alizifasiri papo hapo kwa Kiswahili kizuri, kile alicholipwa kwacho ujanani, na Baba alikuwa akiweka kahawa chini ili asikose hata neno. Kulikuwa na mwandishi mmoja aliyependwa kuliko wote, aliyejiita Mkaazi wa Zamani.

"Huyu khasa ndo wa kuaminika," Mwalimu akisema. "Kakaa kule miaka. Hana ghasia, hana chuki. Anasema anachokiona tu."

Baba akamzoea Mkaazi wa Zamani kama mtu wa familia. Wakati mwengine Mwalimu hata hajakaa, Baba anamuuliza, "Enhe, na yule bwana anasemaje?"

Kilichonishangaza ni kwamba lugha ya Mwalimu ilianza kubadilika. Yule wakili wa Uchina akapungua. Mabibi wa uji hawakutajwa tena. Nikimuuliza, akinambia Uchina ya siku hizo si hii, watu wameharibika, na anafurahi kwamba wapo wanaosema kweli. Nilikuwa nafanya kazi ofisi ya bima Ruwi, narudi nimechoka, na sikulitia maanani. Nilidhani ni uzee.

Halafu ukaja ule mwaka wa homa ya mapafu iliyoanzia huko Uchina. Raya alikuwa mwaka wa nne. Televisheni zote zilionesha watu wamefunika pua na midomo. Chuo chao kilifunga milango, wanafunzi wasitoke wala mtu asiingie, na Raya alitupigia simu kutwambia kwamba wako salama, wanapimwa joto asubuhi na jioni, wanaletewa chakula, wanasoma vyumbani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alimuuliza Mama vipi mguu wake.

Jioni ile Mwalimu akaja na kurasa. Wageni wanaokaa kule wanasema serikali inaficha. Mkaazi wa Zamani alikuwa akiandika karibu kila siku, na Mwalimu akitusomea karibu kila siku. Juu yake, aliandika, anakaa mzee mmoja na mkewe. Mzee ameanza kukohoa. Usiku kucha anamsikia anakohoa kupitia dari. Siku ya pili: mke wa mzee analia. Halafu jioni moja Mwalimu alisoma kwa sauti ya chini, akituangalia juu ya miwani: wamekuja watu wamevaa nguo nyeupe kichwa mpaka miguu, wamempiga mzee dawa ya unga pale pale ngazini kama vile kunguni, wamemtia ndani ya gari, na gari haikwenda upande wa hospitali. Mkewe amefungiwa ndani, mlango umepigwa misumari.

"Inna lillahi," Baba akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Maskini mzee wa watu. Na mkewe."

"Raya anasema kushwari," nikasema mimi.

"Raya anasema anachoambiwa!" akafoka Baba. "Wanawaficha. Huyu mgeni ana sababu gani ya kusema uongo? Kakaa kule miaka, mtu wa juu yake kafa."

Mwalimu alikuwapo. Hakusema, ngoja kwanza. Alizikunja kurasa zake akasema, "Mie singemwacha mwanangu."

Baba akampigia simu Raya usiku ule na kumwamrisha arudi. Raya alimsihi. Alisema ukitoka chuoni bila ruhusa nafasi yako inapotea. Nilikuwa nimesimama karibu na simu, nikimsikia akilia kwa mara ya mwanzo tangu aondoke, akisema, "Baba, wallahi hakuna kitu hapa, Baba, nisikilize mimi." Lakini Baba alikuwa na mzee kichwani, mzee wa kukohoa aliyetiwa garini, na Raya hakuweza kushindana naye. Alirudi wiki ile ile. Kwenye uwanja wa ndege Seeb alikuja mbio kumkumbatia Baba, na Baba, Mungu amrehemu, akarudi nyuma hatua moja. Raya akasimama pale pale na mikono yake wazi.

Nilichokuja kukiona baadaye kuwa ni cha kutapisha kuliko vyote ni hiki. Mwalimu hakupanda kwetu muda mrefu baada ya Raya kurudi. Aliogopa. Alikuwa akija mpaka kwenye ngazi, anagonga mlango wetu kwa bakora yake ya mpingo, anarudi nyuma, hanchifu puani, anapaza sauti: "Mpeni kitunguu thomu! Mfukizeni ubani!" Raya akimjibu kwa Kichina kutoka ndani, kwa adabu, kwamba hajambo. Mwalimu hakumuingiza ndani ya nyumba yake msichana aliyemlea kwa brashi na maji, mpaka televisheni iliposema ugonjwa umekwisha.

Ulipokwisha, Raya alitaka kurudi. Chuo kilimjibu kwamba anaweza kujaribu, ila aanze tena mwaka ule na aombe upya. Baba alianza kulainika. Nafikiri aliona haya. Kisha Mwalimu, sasa keshapata ujasiri wa kukaa sebuleni, akaleta ukurasa: wageni wanaokaa kule wanasema shahada zinauzwa sokoni, madaktari wa huko hawajui hata kupiga sindano, Mkaazi wa Zamani mwenyewe alichomwa vibaya mkono ukavimba. Baba akalifunga jambo hilo. Raya alipata kazi Rusayl, kiwanda cha vifaa vya bomba, ofisini. Makontena yakija yameandikwa Kichina yeye ndiye anayeitwa kusoma nini kimo ndani. Akirudi jioni alikuwa akivua viatu mlangoni na kukaa kimya juu ya kochi, na Mama akimletea chai asiinywe.

Nilikuwa kazini siku moja ya uvivu, karibu na Ramadhani, nilipoliandika mwenyewe, kwenye kompyuta ya ofisi, jina la lile jukwaa, ambalo lilikuwa limechapwa chini ya kila ukurasa wa Mwalimu. Nilitaka kumuona huyu Mkaazi wa Zamani aliyeamua maisha ya mdogo wangu. Maandishi yake yalikuwa mengi, ya miaka. Nilianza na yale ambayo Mwalimu hakutusomea.

Juu yangu, aliandika, anakaa mwanamke wa Kichina mnene. Kila Alkhamisi huanika papa kwenye kamba moja na suruali za ndani za mumewe, na harufu inaingia mpaka ndani ya mto wangu. Maji aliyooshea samaki anayamwaga kupitia dirisha la jikoni, yananyesha juu ya kiyoyozi changu. Alfajiri anatwanga bizari kwenye kinu juu ya kichwa changu. Kuhusu mumewe, huyo huamka kabla ya jua, anatia maji puani na kuyapenga, anavuta makohozi kutoka kwenye visigino, anayatema, anavuta tena, mpaka jengo zima linaamka. Anajiosha mpaka miguu ndani ya beseni la kunawia uso. Wana mabinti wawili. Mkubwa ana dharau, anakipokea kikombe cha mgeni kama anayeokota panya aliyekufa.

Nilisoma mara ya pili. Nikainuka, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikasoma mara ya tatu. Mama yangu na papa wake. Baba yangu na udhu wake wa alfajiri. Chini yake wageni kutoka miji mbalimbali walikuwa wamejibu kwa furaha: ndivyo walivyo, kaka, hawa watu hawana haya, pole, wa kwangu ni wachafu zaidi. Na yule mzee wa kukohoa, aliyepigwa dawa ngazini, aliyetiwa garini, alikuwa ni mzee yule yule, wa juu, mume wa yule mnene. Baba alikuwa na mafua mwaka ule. Nakumbuka. Mama alimchemshia tangawizi.

Nilifika nyumbani sikupanda ngazi. Niligonga kwake. Alifungua na kikoi na fulana, nyuma yake kompyuta inawaka, na juu ya meza bakuli la Mama, lile la maua ya buluu, limepanguswa mchuzi wa papa mpaka linang'aa. Kila Ijumaa Mama alikuwa akimshushia bakuli.

"Karibu, mwanangu. Vipi, bi mkubwa mzima?"

"Mwalimu, nani anakaa juu yako?"

Aliniangalia. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu ndilo ninaloliona mpaka leo nikikasirika.

"Ah. Ushasoma. Yale maneno ya kuchangamsha baraza tu."

"Umemuua Baba. Umemuua ukamsomea mwenyewe, akalia."

"Sikumtaja mtu. Mie nasema Wachina."

"Na Raya?"

Alikaa juu ya kitanda. Nilidhani ameshtuka. Lakini alikuwa anatafuta miwani.

"N'kwambie kitu," akasema. "Mwanzo niliwaandikia mazuri. Uji, mabibi, watoto wa mtaani wakinifuata wakiimba. Hakuna hata mmoja alonijibu. Mwezi mzima. Siku moja nikaandika kwamba jirani yangu ananuka, wakaja wote. Wananiuliza, wananingoja. Kukicha wananiuliza, Mkaazi wa Zamani, leo jirani kafanya nini? Wewe unajua miaka mingapi mtu hajaniuliza kitu? Hapa kwenu mie nasoma tu. Kule mie mtu."

"Baba alikuwa akikuuliza kila siku."

"Baba yako akimuuliza yule," akasema, akaonesha kompyuta kwa kidole.

Nililichukua bakuli letu nikatoka. Wiki ile nililifungua jukwaa tena, nikitumai ameacha, na nikakuta ameandika: binti mkubwa wa juu ameanza kuwa fidhuli, anaingia nyumba za watu anapiga kelele, Wachina wa siku hizi hawana adabu kwa wazee. Majibu yalikuwa mengi.

Raya nilimwambia, darini, tukianua nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja shuka, akanambia nisimwambie Mama, kwa sababu Mama angeacha kuanika papa wake. Baba pia hatukumwambia. Ningemwambiaje kwamba alimrudisha mwanawe kwa kujililia mwenyewe? Alifariki akiamini kwamba alimuokoa binti yake. Mwalimu alikuja mazikoni, akalia kwa sauti, na watu wakampisha akae mbele. Na Mama, asiyejua kitu, aliendelea kumpelekea bakuli kila Ijumaa. Mara nyingi mimi ndiye niliyelishusha, nikaliweka mlangoni, nikagonga na kuondoka kabla hajafungua.

Hata hivyo mtu huchakaa. Wageni wa jukwaa wakahamia pahala pengine, macho ya Mwalimu yakapungua, na miaka michache baadaye kifua chake kikamshika kweli. Alilazwa. Mimi nisingekwenda. Raya ndiye aliyenitoa ndani.

"Kanisomesha," akasema, akavaa buibui lake.

Tulimkuta karibu na dirisha, amekonda, mashavu yameingia ndani. Muuguzi wa Kihindi alikuwa anabadilisha chupa ya maji. Mwalimu alipoisikia sauti ya Raya uso wake wote ulifunguka, akajaribu kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Njoo, njoo karibu." Akamgeukia muuguzi, akamwambia kwa Kiingereza chake cha skuli, kwa fahari ambayo sijamsikia nayo hata zile siku za kuitetea Uchina: "Sista, huyu ni daktari. Kasoma Uchina. Mimi mwenyewe nilimsomesha lugha, mimi mwenyewe nikamshika baba yake mpaka akamruhusu."

Muuguzi akatabasamu na kumpa Raya mkono. Nilimuangalia Mwalimu usoni kutafuta ule uongo wake, na haukuwepo. Alikuwa anaamini. Alisahau au alijisahaulisha, sijui. Pale kitandani, Raya alikuwa amemaliza, amerudi, ni daktari.

Akapapasa chini ya mto, akatoa bahasha kubwa ya kahawia, na ndani yake picha nyeusi ya kifua.

"Hawa hawanambii kitu. Wananificha. Nisomee wewe, daktari."

Raya akaipokea. Akainyanyua juu, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha kwa mikono miwili, akaikazia macho muda mrefu. Mwalimu alikuwa anamuangalia yeye, haangalii picha.

"Enhe? Unaona nini?"

"Sijui kuisoma, Mwalimu."

"Vipi hujui? Soma basi."

"Somo hilo la mwaka wa tano. Mie nlirudi wa nne."

Nyusi za Mwalimu zikakutana, kama alivyokuwa akifanya darini herufi ikikosewa.

"Ulirudi? Nani alokurudisha?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Raya akaniwahi.

"Baba," akasema. "Alikhofu."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole, akakilaza juu ya mto.

"Maskini. Baba yako mtu mwema. Lakini akiamini kila analosomewa."

"Ndio, Mwalimu," Raya akasema, akairudisha picha ndani ya bahasha yake.